Kikundi Kikitaka Kununua Kamera: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Pesa



Tukitembelea vikundi kando ya Ziwa, kuanzia Usenge mpaka Mbita na huku Nyakach na Ahero, swali moja linarudi kila mara: "Je, tununue kamera?" Vikundi vingine vinataka picha za kuweka kwenye ripoti ya mradi. Vingine vinataka biashara: kupiga picha kwenye harusi, komunyo ya kwanza, sherehe za shule na matanga, halafu faida iingie kwenye mfuko wa kikundi. Hayo yote ni mambo mazuri. Lakini pesa ya kikundi ni jasho la watu wengi. Mama aliyeuza omena Kibuye juani akatoa mchango wake wa wiki hataki kusikia kwamba kamera ilikufa baada ya miezi miwili, au kwamba inafanya kazi lakini hakuna anayejua kuitumia.

Kwa hivyo katika makala hii tutaeleza mambo manne: kama kamera inahitajika kweli, ni ya aina gani, inatumiwaje, na inatunzwaje pamoja na heshima ya watu wanaopigwa picha. Someni pamoja kwenye mkutano, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

TUMETOKA WAPI?

Wazee wanakumbuka kamera za filamu. Ulinunua filamu ya picha 24 au 36, ukaipiga yote, ndipo ukaipeleka mjini kuoshwa. Kama mtu alifumba macho, ulijua baada ya wiki nzima, na ulilipia hiyo picha mbaya pia. Kwa sababu hiyo watu wetu wengi walikuwa na picha moja au mbili tu maishani mwao.

Kamera ya dijitali haina filamu. Mahali pa filamu pana kipande kidogo kinachohisi mwanga na kuugeuza kuwa nambari, na nambari hizo zinawekwa kwenye kadi. Kamera ya kwanza ya namna hiyo iliundwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe yenye nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Leo hata simu ya bei nafuu inapiga picha ya nukta mamilioni kwa nukta ya jicho. Faida kubwa kwetu ni hii: unaona picha papo hapo, na ikiwa mbaya unarudia bila gharama.

SWALI LA KWANZA: JE, SIMU HAITOSHI?

Kabla ya kununua chochote, angalieni mlicho nacho tayari. Karibu kila kikundi kina mtu mwenye simu ya kamera nzuri. Kama haja yenu ni ripoti tu (kuonyesha bwawa la samaki limechimbwa, tangi limejengwa, miche imepandwa), simu inatosha. Msitumie pesa ya mbuzi kununua kamera ya ripoti.

Kamera inaanza kuwa na maana katika hali hizi:

1. Mnataka kuuza picha. Mteja wa harusi anataka picha iliyo safi hata ndani ya kanisa lenye mwanga kidogo, na hapo kamera kubwa inashinda simu nyingi.

2. Mnapiga vitu vya mbali. Simu nyingi za bei nafuu zikivuta kitu karibu, zinakata tu picha na kuikuza, na inaharibika. Kamera yenye lenzi ya kuvuta kweli haiharibu picha. Boti iliyo mbali kidogo na bichi itaonekana vizuri.

3. Mnataka kitu cha kikundi. Hili watu hulisahau. Simu ni ya mtu: ina pesa zake, jumbe zake na siri zake. Akihama, akiolewa mbali au akikosana na wenzake, anaondoka na picha zote za mradi. Kamera inakaa ofisini na inaandikwa kwenye kitabu cha mali ya kikundi.

Kama hakuna hata moja kati ya hizi inayowahusu, funga mfuko. Nunueni kadi nzuri ya kumbukumbu kwa ajili ya simu, na pesa iliyobaki iende kwa mradi.

AINA ZA KAMERA ZINAZOWEZEKANA

a) Kamera ndogo ya mfukoni. Ni nyepesi na rahisi, unafungua na kubonyeza. Nyingi zinatumia betri yake maalum ya kuchaji. Nyingine, kama Kodak PIXPRO FZ45, zinatumia betri mbili ndogo za AA, zile za saa ya ukutani. Kwa kijiji kisicho na stima hiyo ni faida, maana betri hizo zinapatikana hata kwa duka la kona. Lakini jina lisiwadanganye. Kodak yenyewe iliomba hifadhi ya mufilisi Januari 2012, na kamera za PIXPRO zinatengenezwa na kampuni nyingine iliyopewa ruhusa ya kutumia jina hilo. Angalieni kamera yenyewe, wacha jina.

b) Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Hii ndiyo ya wapiga picha wa harusi. Za kuanzia ni kama Canon EOS 1200D ya mwaka 2014, Canon EOS 2000D na 4000D za 2018, Nikon D3300 ya 2014 na Nikon D3500 ya 2018. Kampuni hizi sasa zimehamia kamera za aina mpya zisizo na kioo ndani, na watu wa mjini wanauza zile za zamani. Huo ni mwanya kwa kikundi chenye pesa kidogo: mkononi mnaweza kupata chombo kizuri kwa bei iliyo chini sana ya ile ya dukani.

Tofauti kubwa kati ya hizi mbili iko kwenye kile kipande kinachohisi mwanga. Kwenye kamera ndogo nyingi kina ukubwa wa karibu milimita 6 kwa 4.6. Kwenye Canon za aina ya (b) ni karibu milimita 22 kwa 15, yaani kama mara kumi na moja na zaidi kwa eneo. Fikirieni sufuria mbili zimewekwa nje kukinga mvua: ile pana inakusanya maji mengi kwa muda ule ule. Ndiyo sababu kamera kubwa inaona vizuri gizani.

MSIDANGANYWE NA MEGAPIKSELI

Muuzaji atawaambia, "Hii ni megapikseli 24, ile ni 16 tu." Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6, ile ya albamu, ikichapwa vizuri kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli mbili na kidogo tu. Picha kubwa ya ukubwa wa karatasi ya A4 inahitaji karibu 9. Kwa hivyo kamera yoyote yenye megapikseli 12 au zaidi inawatosha. Msilipe pesa ya ziada kwa nambari. Lipieni lenzi safi, betri nzima na flashi inayofanya kazi.

KUNUNUA KAMERA YA MKONONI

Haraka haraka haina baraka. Nendeni watu wawili au watatu, mchana, mahali pa wazi, na mmoja awe mtu anayeelewa kamera. Bebeni kadi yenu ya kumbukumbu. Kisha fanyeni hivi:

1. Shikeni lenzi ielekee kwenye mwanga na mtazame ndani yake. Mkiona kitu kama utando wa buibui au mizizi midogo, hiyo ni kuvu. Inaota kwenye lenzi zilizokaa mahali penye unyevu, na kuiondoa ni kazi ya fundi. Acheni hiyo.

2. Pigeni picha ya ukuta mweupe au mbingu, mkaikuze kwenye kioo. Nukta nyeusi zinazorudi mahali pale pale ni uchafu ndani. Uchafu unaweza kusafishwa na fundi, lakini utumieni kupunguza bei.

3. Funikeni lenzi kabisa na mpige picha ya giza. Nukta za rangi zinazong'aa zinaonyesha sehemu zilizokufa. Moja au mbili si neno; zikiwa nyingi, ondokeni.

4. Washeni na kuzima mara kumi. Vuteni lenzi mbele na nyuma. Isikwame wala kukwaruza.

5. Pigeni picha thelathini mfululizo na flashi. Betri iliyochoka itajionyesha hapo.

6. Toeni kadi muirudishe. Angalieni vyuma vya betri visiwe na kutu ya kijani.

7. Kwa kamera kubwa, ulizeni imepiga picha ngapi. Kila picha inafungua na kufunga mlango mdogo ndani, na mlango huo huchoka. Ule wa Nikon D3500, kwa mfano, ulijaribiwa kiwandani mpaka mara 100,000. Hesabu hiyo kwa baadhi ya kamera inaweza kusomwa kwa kompyuta kutoka kwenye picha yenyewe.

8. Kwa Nikon za D3000 na kuendelea hadi D3500 kuna jambo la lenzi. Kamera hizo hazina mota ya kulenga ndani ya mwili wake. Lenzi ya zamani isiyo na mota yake itashika, lakini mtalenga kwa mkono. Ulizeni kabla ya kulipa.

9. Dai risiti au maandishi yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake na namba ya siri ya kamera iliyo chini ya mwili wake. Bei ikiwa ya chini mno na muuzaji ana haraka, huenda kamera imeibwa. Kikundi cha watu wa heshima kisije kikaitwa kituoni kwa sababu ya mali ya wizi.

Halafu kuna kadi. Zile zilizoandikwa SDHC ni za mpaka gigabaiti 32, na za SDXC ni za zaidi ya hapo. Kamera za zamani sana hazisomi SDXC, kwa hivyo kadi ya 16 au 32 ndiyo salama. Picha moja ikichukua megabaiti 5, kadi ya gigabaiti 16 inabeba karibu picha 3,000. Kadi bandia ziko nyingi sokoni. Nunueni mahali mnapoweza kurudisha, muijaze yote siku ya kwanza muone kama picha zinafunguka.

HESABU KABLA YA BIASHARA

Nambari zifuatazo ni za mfano tu. Wekeni zenu kulingana na soko lenu.

Tuseme kamera ya mkononi ni shilingi 25,000. Betri ya pili, kadi na begi ni 5,000. Jumla ni 30,000.

Tuseme kila wikendi mnauza picha 30 kwa shilingi 100 kila moja. Mmeingiza 3,000.
Kuchapa mjini, shilingi 40 kwa kila picha: 1,200.
Nauli: 500.
Mpiga picha: 500.
Kinachobaki: 800.

Gawanyeni 30,000 kwa 800. Mtapata wikendi 38 hivi, karibu miezi tisa, kabla pesa ya kikundi kurudi. Na hiyo ni kama kila wikendi kuna kazi. Mkipata kazi wikendi mbili tu kwa mwezi, ni mwaka mmoja na miezi saba. Hatusemi msianze. Tunasema mjue urefu wa safari ndipo mfunge mizigo.

Mambo mawili yanaua biashara hii. La kwanza ni picha zisizochukuliwa: mmechapa, mwenyewe haonekani. Dawa yake ni malipo ya nusu kabla ya kuchapa. La pili ni picha za bure kwa ndugu za viongozi. Mwenyekiti akipigiwa bure, kila mtu ana shangazi. Amueni mapema: kila mtu analipa, hata padre.

KUPIGA PICHA: MAMBO MACHACHE YANAYOTOSHA

Msiogope vitufe vingi. Kwa mwanzo wekeni kamera kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, aina ya picha JPEG na ukubwa wa juu kabisa. Wekeni tarehe na saa sawasawa, kwa sababu tarehe ikiwa mbaya, picha ya ripoti haina ushahidi. Halafu mjifunze haya:

Shika kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu. Bonyeza kitufe nusu, subiri kamera ilenge, ndipo umalize kubonyeza. Picha nyingi zenye ukungu zinatokana na kubonyeza kwa pupa. Lenga jicho la mtu, wala si shati lake.

Chagua saa. Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta na jua la mchana linasimama juu ya kichwa, kwa hivyo macho yanakuwa mashimo meusi. Mwanga mzuri ni kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Kama ni lazima iwe mchana, mpeleke mtu chini ya kivuli cha mwembe au mlangoni mwa nyumba akitazama nje.

Ngozi yetu na nguo nyeupe. Hapa ndipo wengi wanalalamika: "Kamera inatutoa weusi mpaka sura haionekani." Sababu yake inaeleweka. Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote na kudhani wastani wake ni kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya Ziwa linalong'aa, au kwaya ikivaa kanzu nyeupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na sura zinazama gizani. Tafuteni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa (+/-), na muongeze mpaka +1. Kila +1 ni mwanga mara mbili. Tazameni sura kwenye kioo. Kama bado, ongezeni kidogo, au muwashe flashi hata kama ni mchana. Kwenye kamera nyingi kitufe hicho hakifanyi kazi katika hali ya kujiendesha yenyewe. Geuzeni gurudumu kwenye herufi P. Hii peke yake itawatofautisha na wapiga picha wengine wote wa soko.

Flashi ndogo iliyo kwenye kamera inafika mita tatu au nne hivi. Ukiwa nyuma ya kanisa ukampigia bwana harusi aliye altareni, unamaliza betri bure. Songa mbele kwa adabu, na ruhusa ya kasisi uwe umeiomba mapema.

Picha ya sura usiipige ukiwa umemkaribia sana mtu, pua itakuwa kubwa kuliko uso. Rudi nyuma hatua mbili au tatu, halafu vuta kwa lenzi. Kwa picha za pasipoti, mweke mtu kama mita moja mbele ya ukuta mweupe ili kivuli kisimfuate, na muulize ofisi inayoitaka ni ukubwa gani.

Picha za mradi zipigwe mara tatu: kabla, wakati wa kazi, na baada. Simameni mahali pale pale kila mara, ikiwezekana kando ya mti au jiwe mnalolijua. Picha ya bwawa lililojaa haisemi lolote kama hakuna picha ya pale palipokuwa nyasi tupu. Jioni hiyo hiyo andikeni kwenye daftari: nani, nini, wapi, lini. Familia za Nyando, Dunga na Budalangi zilizopata mafuriko ya 2020 na ya 2024 zinaelewa haya: anayeonyesha picha yenye tarehe ya nyumba na shamba kabla na baada ya maji anaeleweka haraka kuliko anayesimulia kwa mdomo. Mkituma kwa WhatsApp, itumeni kama faili, la sivyo picha inabanwa na kupoteza ubora.

Tena tunaomba jambo moja. Wapigeni picha wazee wenu wakiwa hai. Tumeona matanga mengi ambapo picha ya kuweka kwenye jeneza inatafutwa usiku kucha, na inayopatikana ni ya kitambulisho, ndogo, imefifia, imekuzwa mpaka sura haijulikani. Kikundi kinaweza kutenga siku moja kwa mwaka, wazee wavae vizuri, wapigwe picha moja nzuri kila mmoja na wapewe nakala. Gharama yake ni ndogo, na mjukuu atamjua nyanya yake.

HESHIMA NA SHERIA

Picha ni sehemu ya mtu. Mjane aliyelia, mtoto yatima, mgonjwa kitandani au mama anayeganga njaa si kitu cha kuvutia wafadhili. Ulizeni kwanza. Elezeni picha itaenda wapi: kwenye ripoti, kwenye ukuta wa ofisi, au kwenye mtandao ambapo jirani na mkwe wataiona. Akikataa, mpeni asante na mshushe kamera. Kipimo rahisi ni hiki: je, ungependa mama yako apigwe hivyo na aonekane na watu usiowajua?

Sheria nayo inasema hivyo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Picha inayomtambulisha mtu inahesabiwa kuwa habari zake binafsi, na ya mtoto inahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Si maneno matupu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Katika uamuzi uliotangazwa wakati huo huo, baa moja ya Nairobi ilitozwa milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Kikundi chetu hakiwezi kubeba mzigo kama huo. Wekeni daftari la idhini: jina, tarehe, picha ya nini, sahihi au kidole gumba. Kwa watoto wa shule, ongeeni na mwalimu mkuu na wazazi kabla ya siku ya sherehe.

Pia msipige kambi, vituo vya polisi wala maeneo yenye ulinzi bila ruhusa. Na kwenye bichi, mwoneni mwenyekiti wa kamati ya bichi, yaani BMU, kabla ya kuanza kupiga boti na wavuvi. Wengine wana sababu zao za kutotaka kuonekana, na nyinyi hamkuja kugombana.

KUITUNZA

Maji ya Ziwa hayana chumvi kama ya Mombasa, lakini yanaua kamera vile vile. Ndani ya boti, kamera ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka wakati wa kupiga. Ikianguka majini, toeni betri na kadi mara moja, msiiwashe hata kidogo, ikaukie kivulini siku kadhaa, ndipo fundi aione.

Vumbi la barabara lifutwe kwa brashi laini, kisha kitambaa safi cha pamba. Usifute lenzi kwa leso yenye jasho wala kwa kanga uliyofungia mtoto. Unyevu ndio unaoleta kuvu, kwa hivyo vile vipaketi vidogo vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya wekeni ndani ya begi, na kila wiki mtoe kamera ipate hewa. Isikae juani ndani ya gari.

Kwa betri za AA, nunueni za kuchaji zilizoandikwa NiMH, pea mbili. Bei yake ni ya juu siku ya kwanza, lakini zinachajiwa mara mamia, hata kwa sola. Zilizokufa msizitupe Ziwani wala motoni.

Picha zihamishiwe kwenye kompyuta kila wiki, na nakala ya pili iwekwe kwenye flashi diski inayokaa nyumba nyingine. Kadi moja ikipotea bila nakala, mwaka mzima wa kikundi umepotea. Mkishahakikisha nakala mbili zipo, ndipo mfomati kadi ndani ya kamera yenyewe.

KAMERA NI YA NANI?

Chombo cha wote kisichokuwa na mwenyewe hufa haraka. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kina katiba yake. Andikeni kamera kwenye orodha ya mali pamoja na namba yake ya siri. Chagueni watunzaji wawili, mmoja awe mwanamke, na wasitoke nyumba moja. Wekeni daftari la kuchukua na kurudisha: nani, siku gani, kwa kazi gani, imerudi katika hali gani. Mweka hazina atoe risiti kwa kila kazi. Na wafundisheni angalau watu wanne kuitumia, vijana kwa akina mama, ili mmoja akiondoka ujuzi usiondoke naye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika miezi sita iliyopita, ni mara ngapi tulihitaji picha tukazikosa? Simu za wanakikundi zingetosha?

2. Hapa kwetu kuna harusi, matanga na sherehe za shule ngapi kwa mwezi? Ni nani tayari anafanya kazi hiyo, na tutamwingilia vipi bila kumnyang'anya riziki?

3. Tukiweka bei zetu wenyewe kwenye ule mfano wa hesabu, pesa itarudi baada ya wikendi ngapi?

4. Ni picha gani tusiyotaka ipigwe kamwe katika kijiji chetu? Tuiandike kama kanuni.

5. Wazee gani hawana picha nzuri mpaka leo? Tuanze na nani?

Mkishajadili, andikeni mliyoamua kwenye kitabu cha mikutano. Kama jibu ni "bado tungoje", hilo pia ni jibu zuri, na pesa yenu bado ni yenu. Kama jibu ni "tununue", basi chagueni wale watatu wa kwenda mjini, na msisahau kubeba kadi ya kujaribia.